Mwalimu wa Kemia na Jiwe Lake la Siki

Ukitaka kumjua mwalimu wetu wa Kemia, usianze na sura, anza na harufu. Siki. Siki kwenye shati, siki kwenye chaki, siki mpaka kwenye madaftari aliyoturudishia baada ya kusahihisha, unafungua ukurasa unajisikia kama umefungua chupa ya achari. Pale shuleni kwetu Manzese tulikuwa tunajua anakuja kabla hajakata kona, tukapata muda wa kuficha karanga na kukaa kama watoto waliolelewa. Kwa hilo tu namshukuru. Mengine nitayasema kama yalivyo.

Alikuwa mrefu, hana nyama, suruali yake imekaa kiunoni kwa imani tu. Mtu wa bara, sehemu za baridi huko, na joto la Dar alikuwa analilaumu kana kwamba wazazi wetu ndio waliolikoka. Kola ya shati lake ilikuwa na historia yake, sitaki kuingia humo. Na mtu huyu mwenye kola ile ndiye aliyekuwa anatuchapa kwa sababu ya vumbi. Vumbi! Chembe moja ya vumbi ikiingia kwenye bakuli lake la maji ya buluu, anaruka kama kaona nyoka. Halafu anatoa leso mfukoni, anapenga kamasi, na leso ile ile anafutia bilauri za maabara. Mie nilishuhudia kwa macho yangu, na Zuhura, aliyekuwa anakaa na mie dawati moja, alishuhudia pia. Tangu siku hiyo hatukugusa bilauri bila kutazamana kwanza.

Kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuotesha mawe. Kitabu kilisema fuwele, sie tukasema mawe. Anachukua waya wa shaba aliopewa na fundi wa mota zilizoungua, anautumbukiza kwenye siki, anamiminia na ile dawa ya povu ya kusafishia vidonda, yakishatoka maji ya buluu anayachuja, anaongeza siki tena, anayafunika na kipande cha chandarua. Halafu anakaa anayaangalia. Wiki nzima. Wiki mbili. Maji yanakauka kidogo kidogo na humo ndani jiwe linajijenga lenyewe, shaba na siki zimeshikana mikono, safu juu ya safu. Ndivyo alivyokuwa anasema, zimeshikana mikono, na macho yanamlegea kama mtu anayesimulia harusi yake.

"Haraka ndiyo inayoleta kasoro," alikuwa anasema. "Ukiliwahisha, linapasuka. Ukilitikisa, linazaa vitoto. Ukilinyima siki, linakuwa tope."

Sawa. Sasa muone mwenyewe anavyoishi. Huyu mtu hakuwahi kutembea, alikuwa anakimbia. Asubuhi anakunywa uji kwa mama ntilie wa getini, uji wa moto unaotoka moshi, anaubwia wote, anaunguza ulimi, anashangaa. Kesho anakuja tena, anaubwia, anashangaa tena. Na fimbo alikuwa anachapa kabla ya kusikiliza kesi. Akishamaliza kuchapa ndiyo anauliza, "Haya, ilikuwaje?" Ukimweleza akaona huna kosa, anasema, "Pole. Basi hizo zitahesabiwa kwa kosa lijalo." Na kweli alikuwa anakumbuka! Mie nilikuwaga na viboko vya akiba, nikawa nafanya utundu kwa raha zangu kama mtu aliyelipia kabisa.

Siku moja akataka kutufundisha kasoro zinaingiaje kwenye jiwe. Mwalimu mwingine angechora ubaoni. Yeye alitutoa nje Kidato cha Tatu wote, jua la saa saba, akatuambia sie ni chembe.

"Njooni mmoja mmoja, taratibu. Kila mtu asimame mkono mmoja kutoka kwa mwenzake. Mbele, nyuma, kulia, kushoto."

Tukaja, tukapanga, mistari imenyooka, akafurahi. Halafu akatutawanya, akagonga kengele ya chakula, akasema, "Sasa njooni kama mnavyokujaga kwenye makande!"

Mama yangu. Watu wakaja kwa viwiko. Wengine wamesimama wawili mahali pamoja, wengine wamegeuka, kiatu cha Zuhura kimepotea. Mie nikaona hii fursa, nikajitoa kwenye mstari nikaenda kukaa kivulini, nafasi yangu ikabaki wazi katikati ya watu.

"Wewe binti! Wewe ni nani?"

"Mie ni kasoro, mwalimu."

Watu wakacheka mpaka wakabomoa mistari yote. Nikasubiri fimbo. Mwehu yule akapiga makofi. "Hasa! Hasa! Mwangalieni! Pale alipotoka pana pengo. Upepo utapita pale. Maji yatapita pale." Akazunguka lile pengo langu kama mtu anayetaka kununua kiwanja. Tangu siku ile jina langu likawa Kasoro, shule nzima, mpaka wauza ubuyu. Nilitaka kumfanya mchezo, akanifanya mfano.

Kwa upande wa maisha, aibu tupu. Ilikuwa miaka ile kila kitu ruksa, kila mtu kawa mfanyabiashara. Mwalimu wa Jiografia anauza ubuyu, wa Siasa anauza barafu za ukwaju na anakubali kukopesha, wa Hisabati tuisheni jioni, na mada ngumu zote alikuwa anaziweka huko huko. Yeye na elimu yake yote hakuuza hata njiti. Watu wakamwambia, mwalimu, unajua mambo ya madawa, si upike sabuni? Mtaa mzima unapika sabuni, hata watu wasiojua kusoma. Akakubali kwa shinikizo la mke wake. Akaanza kupima, akaanza kusubiri, akasema mafuta bado hayajatulia. Mke wake alisubiri, akachoka, akayauza mafuta kwa muuza chapati.

"Huyu ukimpelekea maji ya kuoga," mke wake alimwambia mama yangu kisimani, "anayaangalia kwanza yanavyopoa."

Basi huyo ndiye mtu aliyetuletea vita vya maabara.

Ilianza katikati ya kipindi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkuu wa Shule na bwana mmoja mnene mwenye miwani ya jua, muuza mitumba. Hawakubisha hodi. Yule bwana akaanza kutembea chumbani huku anaangalia dari, sie tumekaa.

"Hapa yanaingia marobota mangapi?" akauliza.

"Ukitoa hizi meza, mengi tu," Mkuu akasema.

"Ukitoa hizi meza nitafundishia wapi?" mwalimu wetu akauliza. Alikuwa ameshika bakuli lake kifuani kama mtoto.

"Mwalimu, kwani madarasani hakuna ubao?"

"Kemia ya ubaoni?"

"Kuna mtihani wa kuandika tu, badala ya ule wa vitendo. Shule nyingi zimehamia huko. Mtoto anachorewa bilauri, anaandika kilichomo. Chumba hiki kikipangishwa tunaezeka choo." Mkuu akatuangalia sie. "Au nyie hamtaki choo?"

Tukasema tunataka choo. Ungemuona mwalimu alivyotuangalia.

Walikubaliana hivi: kamati ya wazazi ndiyo itakayoamua, Siku ya Wazazi. Mwalimu akaomba apewe nafasi ya kuwaonyesha kitu. Kitu gani? Jiwe. Jiwe moja tu lisilo na doa, lisilo na ufa, wazazi wakiliona wataelewa kwa nini watoto wao wanahitaji maabara. Mie nilicheka mpaka nikakohoa. Watu wameacha biashara zao, wamevaa, wamekuja, wewe unawaonyesha jiwe! Lakini nilicheka kwa uangalifu, kwa sababu chumba kile kikienda, sie ndio tutakaoingia mtihani wa kuchorewa bilauri.

Akaanza. Jiwe la kwanza alilining'iniza kwa uzi wa kushonea. Uzi una manyoya, kila unyoya ukashika kijiwe chake, likatoka kama mswaki. Tukamwambia, mwalimu, wazazi watafurahi, watapigia meno. La pili akatumia mshipi wa nailoni wa kuvulia, laini, hapo likakaa moja peke yake. Lakini likaja na vitoto pembeni, na ufa katikati. Akatafuta sababu siku nzima, ameweka mkono juu ya meza kama daktari, kumbe meza inatetemeka. Ukutani kwetu, upande wa pili, palikuwa na mashine mpya ya kusaga na kukoboa, ya Mama Mashine, na ikiwashwa hata meno yetu yanagongana.

Akatoka mbio. Sie nyuma yake, nani aache mchezo kama huo?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta mahindi?"

"Sikuleta mahindi. Nimekuja kuomba usiwe unawasha mashine asubuhi. Kwa wiki mbili tu."

Mama Mashine akamwangalia kuanzia juu mpaka kwenye suruali ile. Ana unga mpaka kwenye kope.

"Nizime mashine, watu wale nini? Madude yako?"

"Mama, ule mtikisiko unaharibu fuwele."

"Na hii njaa inaharibu watu. Toka kwenye foleni, baba, unazuia ndoo."

Foleni yote ya ndoo ikacheka, na sie tukacheka, wasaliti. Alirudi mbio maabara. Kesho yake tukamkuta kajaza upepo kidogo kwenye tyubu ya tairi la lori, kailaza juu ya meza, juu yake ubao, juu ya ubao bakuli. Mashine ikanguruma, madirisha yakalia, maji kwenye bakuli hayakujikunja hata kidogo. Zuhura akaninong'oneza, "Kasoro, jiwe limelazwa godoro, na mie nyumbani nalala mkekani."

Jiwe lile likakua. Kila asubuhi analiangalia, anaongeza siki kwa tone, anafunika. Ukubwa wa tende likafika. Rangi nzito, buluu iliyoiva mpaka inataka kuwa nyeusi, na pande zake zimekatwa sawasawa, hakuna mtu aliyezikata. Nilisogea nitafute doa nimcheke. Nikalitazama huku, nikalitazama kule, nikaona meno yangu humo ndani. Doa sikuliona. Nikasema linafanana na kinyesi cha mbuzi tajiri, watu wakacheka, lakini sikuwa nimesema kwa moyo wote.

Sasa, shule zetu mnazijua. Mgeni akija tunapaka chokaa. Haijalishi mgeni gani wala kimeharibika nini, dawa ni chokaa. Siku mbili kabla ya wazazi Mkuu akatoa amri, tukapaka chokaa mawe ya njiani, miti mpaka kiunoni, nguzo za goli, kuna mjinga akapaka na gurudumu la baiskeli ya mlinzi. Mwalimu wetu alikuwa amekwenda duka la dawa kutafuta ile dawa ya povu. Vijana wa Kidato cha Pili wakatumwa maabara, wakapaka kuta, na kwa kuwa chokaa ilibaki, wakapaka na dari.

Aliporudi bakuli lilikuwa limejaa uji wa buluu, kama maji ya kufulia. Chokaa imedondoka juu ya chandarua, imepenya, imekula siki yote. Jiwe limevaa koti la ukungu, pembe zake zimeliwa.

"Tulifunika, mwalimu," kijana mmoja akasema, brashi bado mkononi inavuja. "Chandarua tulikiacha pale pale."

Nilijua atachapa kwanza atauliza baadaye, kama kawaida yake. Hakuchapa. Alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona amesimama tuli.

Na Siku ya Wazazi ilipofika, mtu mwenye akili angeugua. Yeye alikuja na bakuli lile la tope, akaliweka mezani mbele ya kamati, akaanza kuwaeleza lilivyokuwa. Siyo lilivyo. Lilivyokuwa! Akaeleza tyubu, akaeleza mshipi, akaeleza chokaa ilivyofanya. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono kwa heshima.

"Samahani, mwalimu. Hii inatibu nini?"

"Haitibu, mzee wangu."

"Inaliwa?"

"Inaua."

Hapo ndipo kamati ilipoamua, hata kabla ya kuamua. Wakapiga kura kwa mikono. Baba yangu mzazi alinyoosha mkono chumba kipangishwe, na shati alilovaa lilitoka kwenye mitumba ile ile. Jioni nikamuuliza, baba, kwa nini? Akasema, "Mwanangu, choo nakijua."

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa na heshima. Lakini mwalimu wetu wakati meza zinatolewa alimimina siki kwenye lile tope, chupa nzima kwa hasira, likasafika, akaliacha dirishani. Marobota yanaingia, yeye anachungulia bakuli. Na humo yakaota mawe mengine kabisa. Ya mraba, buluu safi kama wino, unaona mpaka upande wa pili. Chokaa imeingia kwenye safu, imeshikana mikono na shaba. Mawe hayo ya bahati mbaya yalikuwa mazuri kuliko lile la tyubu na dua.

Akakimbia nalo moja mpaka ofisini, akapita katikati ya wapagazi, sie tunachungulia dirishani.

"Mkuu, angalia! Hili lingekuwepo siku ile..."

Mkuu akaligeuza kwenye mwanga. "Zuri," akasema. "Zuri sana, mwalimu." Akaliweka juu ya karatasi zake zisipeperuke na feni, akaendelea kuandika.

Baada ya likizo mwalimu hakurudi. Akaja bwana mwingine, msafi, hanuki chochote. Anasoma kitabu, sie tunaandika. Choo kikaezekwa, nasema ukweli, ni choo kizuri.

Nilimuona tena mwaka uliofuata, nikiwa Kidato cha Nne. Shangazi yangu kahamia Boko, nikaenda kumsalimia Jumamosi, akanituma nje kuanika nguo. Nikasikia siki. Nikajiambia haiwezekani. Nikachungulia juu ya ukuta wa matofali, nikamuona yeye, kavaa fulana na msuli, ameinama kwenye makopo yaliyopangwa barazani kuanzia mlangoni mpaka kona.

"Shikamoo, mwalimu."

Akainua kichwa. Jina langu halijui, hajawahi kulijua. "Kasoro! Marahaba. Ruka, ruka ukuta, geti lina mbwa."

Nikaruka. Nikakagua makopo, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu kila jiwe lilikuwa bovu. Hili lina mapengo, hili limepasuka, hili limeota vitoto kama upele.

"Mwalimu, mbona fuwele zote zimekuharibikia?"

"Hazikuharibika. Nimeziharibu." Akaanza kunionyesha kwa kidole, mbio mbio kama zamani. "Hii nimeinyima siki kidogo. Hii nimeinyima zaidi. Hii niliianika juani. Lile jiwe la juu ya tyubu nililipata, ndiyo, lakini ungeniuliza kwa nini halina doa, nisingekujibu. Sasa nataka doa nililoagiza mwenyewe, mahali ninapotaka."

Nikasema moyoni, basi, kapotea moja kwa moja.

"Na maabara?" akauliza.

"Marobota mpaka dirishani."

"Mtihani wa vitendo mtafanyia wapi?"

"Hatufanyi. Wametuandikisha ule wa kuandika. Nimesoma Kemia miaka minne, mwalimu, tangu uondoke sijashika hata bilauri."

"Maabara siyo chumba, Kasoro," akaanza, na nikajua anataka kunihubiria.

"Ni chumba, mwalimu. Kina mlango, na ufunguo anao muuza mitumba."

Nilidhani nitajisikia vizuri kwa jibu hilo, sikujisikia. Akaingia ndani, nikasikia vitu vinaanguka, akatoka na kopo la maji ya buluu, kijiko, karatasi yenye magadi ya kupikia maharage, na bomba la sindano lililojaa siki.

"Shangazi ananisubiri. Nina haraka, mwalimu."

"Hata mie. Tia magadi. Ncha ya kijiko."

Nikatia. Yakachemka povu, nikaruka nyuma, akanizomea. Nikatia tena, povu likaisha, na maji yote yakageuka ukungu wa kijani, huoni chini ya kopo.

"Umeyaharibu," akasema. "Sasa yarudishe. Tone moja, koroga, angalia. Ukizidisha nitakuona."

"Lakini hii haipo kwenye mtihani wetu."

Alikuwa ameinama, shavu lake karibu na mkono wangu, ananukia vile vile. Nikadondosha tone. Likazama, likafungua tundu dogo la buluu kwenye ukungu, tundu likafunga. Nikadondosha lingine. Tundu likakaa zaidi.

Shangazi akaniita kutoka ng'ambo ya ukuta. Akaniita mara ya pili, sauti imeshapanda. Nikaitika, "Nakuja, shangazi," nikashika bomba kwa mikono miwili, nikadondosha lingine.